Mwambie tabibu yote
Umfikishapo hospitalini usiku jamaa yako aliyechanganyikiwa ghafla hapa jijini, huenda atakayekupokea ni tabibu kijana aliyemaliza chuo juzi tu. Usimdharau. Kwanza atampima joto na sukari, kwani malaria kali au upungufu wa sukari mwilini huweza kumfanya mtu apayuke kama mwendawazimu. Kisha atakuuliza: amekunywa nini? Amewahi kujaribu kujiua? Hapo ndipo wengi hunyamaza, wakiogopa polisi. Lakini Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba sheria iliyomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu inakiuka Katiba. Basi sema yote. Aibu hupita, nduguyo akiondoka harudi.