Fahamu: Kwa nini msongo uleule humwelemea huyu na kumwacha yule

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha jaribio la kupima msongo linalotumika hadi leo. Unasimama mbele ya jopo lisilotabasamu, unajinadi kwa dakika 5 kama mwomba kazi, kisha unatoa 13 kutoka 1,022, tena na tena, kwa sauti. Ukikosea, unaanza upya.

Mate hupimwa kabla na baada. Kwa wengi, kotisoli, homoni ya msongo, hupanda, na hufika kileleni jaribio likiwa limekwisha. Wapo ambao kwao haipandi kabisa, ingawa wenyewe husema walijawa na hofu. Hapo ndipo penye uzito: mwili na maneno ya mtu mara nyingi havilingani, kwa hiyo kumwambia aliyezidiwa "mbona wenzako wanaweza?" ni kumwonea.

Jaribio likirudiwa siku nyingine, wengi huzoea. Wachache kotisoli yao hupanda kila mara. Urithi, umri na yaliyompata mtu utotoni huchangia. Hata vidonge vya kupanga uzazi hupunguza ongezeko la kotisoli linaloonekana kwenye mate.