Nusu ya ishara kwenye geti: dawa ya mkwaruzo kwenye kipunguza sauti cha kielektroniki

Ukizungusha kitufe cha volyumu kwenye redio ya zamani, unabadilisha rezista kwa mkono wako. Sasa tuseme unataka sakiti yenyewe ifanye kazi hiyo: msemaji akisogelea maiki na kupaza sauti, iishushe, akirudi nyuma, iipandishe. Hapo unahitaji rezista inayobadilishwa na volteji, siyo na kidole.

Njia rahisi ni transista ya aina ya JFET. Ina miguu mitatu: geti, dreni na sosi. Volteji kati ya dreni na sosi ikiwa ndogo, njia iliyo kati yao hufanya kazi kama rezista, na volteji ya geti ndiyo inayoamua ukubwa wake. Pitisha ishara kwenye rezista ya kilo-omu 10, kisha weka JFET kutoka hapo kwenda graundi. Basi, umepata kipunguza sauti. Kwa JFET ya chaneli N, geti ikiwa kwenye volti 0 ukinzani ni mdogo na sauti inashuka sana. Geti ikienda upande wa hasi mpaka transista ifunge, ishara inapita karibu yote.

Wengi tunafika hapo, tunawasha, na kweli inafanya kazi. Ila sauti ikiwa kubwa kidogo inaanza kukwaruza. Unabadilisha waya, unabadilisha spika, wapi!

Mkwaruzo unatoka wapi?

Rezista ya kawaida haijali ishara inayopita ndani yake. JFET inajali. Geti huibana chaneli kama mguu unaokanyaga mpira wa maji, lakini nguvu ya kubana inategemea pia volteji ya dreni. Ishara ikipanda upande wa chanya, chaneli inabanwa zaidi na ukinzani unaongezeka. Ikishuka upande wa hasi, chaneli inapanuka na ukinzani unapungua. Yaani ishara inaibadilisha rezista ileile inayotakiwa kuipunguza, tena ndani ya kila wimbi.

Kwa hiyo nusu ya juu ya wimbi inarefuka na nusu ya chini inafupika. Ukiingiza hezi 1,000, kwenye towe utakuta pia hezi 2,000 ambazo hukuziingiza. Hesabu yake ni hii:

I = K × [2(Vg − Vp)V − V²]

V ni volteji kati ya dreni na sosi, Vg ni ya geti, Vp ni ile inayoifunga transista, na K ni namba ya transista yenyewe. Kama V² isingekuwepo, hii ingekuwa kanuni ya Ohm tu. Mkwaruzo wote umekaa kwenye hiyo V².

Ukubwa wa hiyo harmoniki ya pili, ukilinganisha na ishara yenyewe, ni takriban kilele cha V kugawa kwa 4(Vg − Vp). Kilele kikiwa volti 0.1 na Vg − Vp ikiwa volti 2, unapata asilimia 1.25. Sogeza geti karibu na kufunga, Vg − Vp iwe volti 0.5, na ishara ileile inakupa asilimia 5.

Dawa mbili

Ya kwanza ni kuipunguza ishara kabla haijafika kwenye JFET, halafu uikuze baadaye. Inasaidia, lakini ukiikuza unakuza na kelele za sakiti.

Ya pili ndiyo tamu. Rudi kwenye hesabu: badala ya Vg, weka Vg + V/2. Kile kipande cha 2 × (V/2) × V kinazaa V² ya chanya, na ile ya hasi inafutika. Kilichobaki ni rezista.

Kwa vitendo unahitaji rezista mbili zinazolingana, mfano megaomu 1 kila moja. Moja inatoka dreni kwenda geti, nyingine inatoka kwenye volteji ya kuongoza kwenda geti hiyohiyo. Kwa kuwa geti hainywi mkondo wa kutajika, inapata wastani wa hizo mbili: nusu ya ishara na nusu ya volteji ya kuongoza. Hivyo volteji ya kuongoza lazima uiongeze mara mbili.

Tahadhari

Volteji ya kuongoza inaweza kupenya kidogo kupitia rezista hizo na kuleta mlio wa "tup" inapobadilika ghafla. Kapasita mfululizo na rezista ya dreni inaizuia, na ukiiweka huhitaji tena kuongeza volteji ya kuongoza mara mbili.

Pia JFET hazifanani. Kwa 2N5457, volteji ya kufunga inaruhusiwa kuwa popote kati ya volti −0.5 na −6. Nunua kadhaa, pima, chagua yenye Vp iliyo mbali na sifuri.

Mwisho, hesabu yetu ni makadirio. Ishara ikiwa kubwa mno, mkwaruzo utarudi.

Kuna wanaokwepa tatizo zima kwa kutumia taa na rezista inayohisi mwanga, kama kwenye mashine maarufu ya studio LA-2A. Mwanga haujui ishara inafanya nini, lakini rezista hizo hujibu polepole. Mwenzake 1176 hutumia FET, na husifiwa kwa kasi.

Usituamini tu, jaribu. Ingiza mlio wa hezi 1,000, fungua programu ya kuonyesha spektra kwenye kompyuta, uangalie mstari wa hezi 2,000. Kisha unganisha ile rezista ya dreni na uangalie mstari unavyozama. Rezista mbili za bei ya pipi, na hesabu ya darasani inageuka kitu unachokisikia.