Ngoma ni ya babu, hati ni ya nani? Funzo la Trinidad kwa mafundi wetu

Mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, bunge la Trinidad na Tobago lilikubali kubadilisha nembo ya inchi hiyo ya visiwa viwili vya Karibea. Merikebu tatu za Christopher Columbus, zilizokuwa kwenye nembo tangu uhuru, ziliondolewa. Mahali pake pakawekwa stilpani, ngoma ya chuma inayotengenezwa kwa pipa la mafuta, ambayo wenyeji wanaiita kwa kifupi pani.

Miaka zaidi ya 20 mbele ya hapo, ngoma hiyohiyo iliwatia wakaaji wa Trinidad hasira kubwa. Mwaka wa 2002 walisikia kwamba Wamarekani wawili wa jimbo la Delaware walikuwa wamepata hati ya uvumbuzi, ile ambayo sisi tunaita breve, juu ya utengenezaji wa stilpani. Ofisi ya breve ya Marekani ilikuwa imeitoa tangu mwaka wa 2001. Mjini Port of Spain watu waliulizana: inawezekana namna gani mgeni akapewa karatasi juu ya kitu kilichozaliwa kwenye viwanja vyetu?

Swali hilo linatuhusu hata sisi, inchi ya ngoma, lokole, madimba na likembe. Na jibu lake linapatikana kwa kuangalia kazi ya mtu ambaye watu wachache wanamfahamu: mkaguzi wa breve.

Ngoma iliyotoka katika marufuku

Stilpani haikuanza kama mchezo. Katika miaka ya 1880, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikataza ngoma za ngozi katika sherehe za Waafrika waliotoka utumwani. Watu wakachukua vipande vya mianzi na kuvigonga chini. Muziki huo ukaitwa tamboo bamboo, na msomaji anayejua Kifaransa atatambua humo neno tambour. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, vijana wa mitaa maskini wakaanza kugonga makopo, vifuniko na vyuma vingine. Kisha yakaja mapipa ya mafuta, maana Trinidad ni inchi ya petroli.

Fundi hupiga sehemu ya chini ya pipa kwa nyundo mpaka inabonyea na kuwa kama bakuli. Anachora sehemu ya kila noti, anakata pipa kwa urefu unaotakiwa, analipitisha kwenye moto, halafu analinganisha sauti kwa nyundo ndogo, noti moja baada ya nyingine. Mwaka wa 1951 kikundi cha TASPO, chenye mafundi kama Ellie Mannette, Winston "Spree" Simon na Anthony Williams, kilipeleka pani London. Wazungu wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba pipa linaweza kupiga muziki wa aina yoyote.

Hata kisimamio chake kina historia. Mwanzoni mpigaji alining'iniza pani shingoni kwa mkanda na kutembea nayo barabarani. Baadaye pani zikapata miguu ya chuma, kisha magurudumu, ili bendi nzima iweze kusukumwa katika karnivali. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusema: hii yote niliivumbua mimi.

Mkaguzi anauliza nini?

Tuchukue mfano wa kufikiri. Fundi mmoja ametengeneza ngoma pamoja na kisimamio chake chenye miguu mitatu inayokunjwa. Kati ya ngoma na miguu ameweka vipande vya mpira. Anataka breve. Anaandika maelezo, anachora picha, na mwishoni anaandika madai, ni kusema sentensi zinazotaja kwa usahihi kile anachotaka kilindwe.

Madai ndiyo moyo wa breve. Mkaguzi hapimi uzuri wa ngoma, wala haulizi kama inachezesha watu. Anasoma sentensi hizo neno kwa neno na kuuliza mambo matatu.

La kwanza: je, ni kitu kipya? Hapa upya ni wa dunia nzima. Mkaguzi anatafuta katika breve za zamani, vitabu, magazeti na katalogi. Breve zimepangwa kwa makundi ya kimataifa: vyombo vya kupigwa viko katika kundi la G10D 13, visimamio vya vyombo vya muziki katika G10G 5. Akipata andiko moja linaloonyesha kila kitu kilichotajwa katika dai, dai hilo limeanguka.

La pili: je, kuna hatua ya uvumbuzi? Ngoma inajulikana. Miguu mitatu inayokunjwa inajulikana, wapiga picha wanaitumia kila siku. Kuunganisha vitu viwili vinavyojulikana hakutoshi, kama fundi yeyote wa kawaida angefikiri hivyohivyo. Lakini kama mpira ule umewekwa kwa namna inayozuia miguu kunyonya mtetemo, na ngoma inalia kwa muda mrefu zaidi bila kupoteza sauti, hapo kuna jambo la kujadili. Fundi anapaswa kueleza tatizo lilikuwa nini na yeye amelitatua namna gani.

La tatu ni jepesi: je, kitu kinaweza kutengenezwa na kutumiwa? Kwa ngoma, jibu karibu siku zote ni ndiyo.

Kuna na mtego mwingine. Kama jambo jipya katika ngoma na jambo jipya katika kisimamio havina wazo moja linaloviunganisha, mkaguzi anaweza kusema: hapa kuna uvumbuzi mbili, uzitenganishe. Ni kusema maombi mawili, na feza mara mbili.

Mara nyingi majibu ya kwanza ya mkaguzi ni kukataa. Mwombaji anapunguza madai yake, anaandika tena, wanajibizana kwa miezi au miaka. Mwishoni kinacholindwa mara nyingi ni kidogo sana kuliko kile alichoomba. Na ndivyo inavyopaswa kuwa: breve ni haki ya kuwakataza wengine kwa miaka 20 tangu siku ya kuomba, haitolewi kwa kitu ambacho watu wote walikuwa nacho.

Mfano mzuri ni wa William F. Ludwig wa Chicago. Ngoma kubwa ya bendi ilikuwepo tangu zamani. Alichopatia breve mwaka wa 1909 ni pedali ya kuipiga kwa mguu, iliyotengenezwa ili iende haraka. Hakuna aliyenyang'anywa ngoma yake. Ludwig alipata kilicho chake: kile kipande alichoongeza.

Wale wa Delaware walipewa nini hasa?

Tukirudi Trinidad, hapo ndipo hasira na sheria zilipishana. Breve ya mwaka wa 2001 haikusema kwamba stilpani ni mali ya Wamarekani wawili. Ilihusu namna ya kuitengeneza: badala ya fundi kupiga pipa kwa nyundo, bamba la chuma linasukumwa na shinikizo la maji ndani ya mashini mpaka linapata umbo la bakuli.

Zaidi ya hayo, breve haina nguvu nje ya inchi iliyoitoa. Karatasi ya Washington haikuweza kumzuia fundi wa Port of Spain kupiga pipa lake. Na kwa kanuni ya miaka 20, muda wake umekwisha leo kwa vyovyote vile.

Basi watu walikasirika bure? Hapana. Walichoogopa kilikuwa na msingi. Anayekuwa na mashini, mwanasheria na breve katika soko kubwa kama la Marekani anaweza kutengeneza kwa wingi na kuuza, wakati fundi wa nyundo anabaki na sifa tu. Na watu waliona udhaifu mwingine: sehemu kubwa ya ujuzi wa pani ilikuwa katika mikono na masikio ya mafundi. Mkaguzi aliye ofisini hawezi kusoma mikono ya mtu. Kile ambacho hakikuandikwa mahali, kwake ni kama hakipo.

Trinidad haikubaki kulalamika. Timu ya Chuo Kikuu cha West Indies ikiongozwa na profesa Brian Copeland ilitengeneza pani ya aina mpya, G-Pan, ikaonyeshwa mwaka wa 2007 na kulindwa kwa breve. Mwaka wa 2023, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitangaza tarehe 11 mwezi wa nane kuwa siku ya stilpani duniani. Leo yeyote anayetafuta asili ya ngoma hii hawezi kukosa jina la Trinidad.

Karatasi inajibiwa kwa karatasi

India ilipata funzo hilo mapema. Mwaka wa 1995, ofisi ya breve ya Marekani ilitoa breve juu ya kutumia kurkuma, ule unga wa manjano wa jikoni, kuponyesha vidonda. Kila mama wa India alijua dawa hiyo. Lakini baraza la utafiti wa kisayansi la India halikwenda na ushuhuda wa mama pekee. Lilipeleka maandiko, ya zamani na ya karibuni, yaliyotaja matumizi hayo. Mwaka wa 1997 breve ilifutwa. Baada ya hapo India ikaanza kukusanya ujuzi wake wa dawa za asili katika maktaba ya kompyuta ambayo wakaguzi wa inchi nyingine wanaweza kuifungua.

Sisi tuko wapi? Kongo ina sheria ya uvumbuzi tangu tarehe 7 mwezi wa kwanza 1982, na kazi hiyo iko chini ya wizara ya viwanda mjini Kinshasa. Nyimbo na maandishi vina sheria yake nyingine, ya mwaka wa 1986. Ni vizuri kutovichanganya: mwimbaji halindwi kwa breve, na fundi halindwi kwa haki za mtunzi pekee.

Juu ya ngoma zetu, kuna andiko moja ambalo wengi hawalijui. Mwaka wa 1951, mtafiti Olga Boone alichapisha kitabu kinene juu ya ngoma za Kongo ya Wabelgiji na za Ruanda-Urundi, akitumia mkusanyiko wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mwaka wa 1936 alikuwa ameandika kingine juu ya madimba. Mtu akijaribu leo kuomba breve juu ya umbo la ngoma lililomo humo, mkaguzi anaweza kufungua ukurasa na kumwambia: hili linajulikana. Ni jambo la kushangaza kidogo, kwamba ulinzi wa ngoma za babu zetu unalala katika kitabu cha wakoloni. Ila kitabu hicho hakina yale ambayo mafundi wetu wamebuni tangu wakati huo.

Na wamebuni mengi. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa kikundi cha Konono Nº1 alitaka likembe yake isikike katika kelele za mji. Alitengeneza mikro kwa sumaku zilizotolewa kwenye vyuma vya magari. Sauti ile ya kukwaruza ilivuka bahari na kupendwa Ulaya na Marekani. Kwa lugha ya mkaguzi, hapo palikuwa na tatizo na suluhisho. Lakini kitu kikishapigwa mbele ya watu kwa miaka, mlango wa breve umefungwa hata kwa mwenye nacho. Ulaya haisamehi hata siku moja. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja tu tangu alipokionyesha.

Fundi afanye nini?

Kwa fundi wa Bukavu, Bunia au Lubumbashi, mambo ni machache. Kama umebuni kitu kipya kweli na unataka breve, usikionyeshe jukwaani wala kukiweka kwenye simu kabla ya kuomba. Usiombe kulinda ngoma nzima. Tafuta kile kipande kimoja ulichoongeza, hata kama ni kisimamio tu, na ueleze kinatatua tatizo gani.

Kama hutaki breve, au feza hazitoshi, basi fanya kinyume: chapisha. Piga picha kila hatua, andika tarehe, mti gani, ngozi gani, vipimo gani, toa nakala kwa chuo kikuu au maktaba ya karibu. Andiko lililowekwa wazi halikupi haki ya kumkataza mtu, lakini linamzuia mwingine kukukataza wewe.

Wazee wetu walifundisha ngoma kwa mkono na sikio, na hakuna sababu ya kuacha. Ila mkono unapozeeka, ujuzi unaondoka nao. Siku mgeni atakapofika mbele ya mkaguzi na michoro ya ngoma ya kwetu, mkaguzi hatapiga simu kijijini. Atatafuta katika makaratasi yake, na atakata neno kwa kile alichokikuta humo.