Singida: Faida ya Barabara Huanzia Shambani

Ukiitazama ramani ya Tanzania, Singida imekaa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Dodoma hupita Manyoni na Singida mjini, kisha huteremka Sekenke kuelekea Nzega na Mwanza. Nyingine huanzia mjini hapo na kupita Katesh na Babati hadi Arusha, nayo reli ya kati hupita Manyoni na Itigi. Lakini kukaa njia panda ni jambo moja, kunufaika nako ni jingine. Reli hiyo ilifika huku kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi lake kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, na muongo uliofuata wakaling'oa. Usafiri huwa faida pale tu unapompa mwenye mali uwezo wa kuchagua amuuzie nani, lini na kwa bei gani.

Vitunguu vinalionyesha hili waziwazi. Mkulima wa Mkalama au Iramba ambaye njia yake hukatika masika humsubiri mnunuzi mwenye gari linaloweza kufika. Mnunuzi huyo anajua kwamba kitunguu kilicholowa hakingoji, kwa hiyo bei ni yake na kipimo ni chake. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku, lakini marufuku haina nguvu kubwa pale mnunuzi anapokuwa mmoja. Njia ikipitika, mkulima yuleyule anaweza kukodi lori la Fuso na wenzake, akapeleka mzigo soko la Misuna, Singida mjini, ambako wanunuzi ni wengi na bei inajulikana. Wapo wanaosema barabara huwanufaisha madalali tu. Ni kweli kwamba dalali hufika kwanza, ila barabara nzuri humleta na mshindani wake, na hapo ndipo mkulima hupata sauti.

Alizeti ina hesabu yake. Gunia likikamuliwa, mafuta hayafiki hata nusu ya uzito wake. Sehemu kubwa inayobaki ni mashudu, chakula cha mifugo. Kusafirisha mbegu hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 700, ni kulipia nauli ya mashudu pia, na ndiyo maana wakamuaji wadogo na viwanda vikubwa wamejikita Singida kwenyewe. Tena malori mengi hutoka bandarini yakiwa yameshiba mizigo ya Rwanda, Burundi na Kanda ya Ziwa, kisha hurudi yakiwa na nafasi, kwa sababu Rwanda na Burundi huagiza zaidi kuliko zinavyouza nje. Mwenye lori ni afadhali apokee nauli ndogo kuliko kurudi tupu, kwa hiyo mzigo wa kurudia ni fursa ya Singida ambayo mikoa iliyo mbali na barabara kuu haina. Pingamizi lenye uzito ni kwamba lami hiyohiyo huleta mafuta ya mawese ya nje hadi madukani Kiomboi. Naikubali hofu hiyo. Ila dawa yake iko kwenye ushuru wa forodha na mbegu bora, maana njia mbovu humwumiza mkamuaji wa ndani kabla ya mwingizaji: kila gunia humfikia likiwa limeshabeba gharama za njia.

Wengine huuliza kama inafaa kutumia fedha nyingi kwa vijiji vilivyotawanyika. Swali ni la haki, lakini si kila njia inahitaji lami. Kwenye mbuga za udongo mweusi, makalavati machache na tuta la changarawe hutosha kuipitisha Fuso mwaka mzima, na kazi hiyo iko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Hata reli ya kisasa, iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na ambayo njia yake inafika Makutupora wilayani Manyoni, itakuwa na manufaa madogo kwa Singida ikiwa mabehewa ya mizigo yatapita bila kupakia. Itahitaji maghala na mizani karibu na kituo, pamoja na vyama vya ushirika vinavyoweza kukusanya shehena ya kujaza behewa, maana ndoo moja ya asali ya Itigi au gunia moja la dengu halisimamishi treni.