Bomba la Maji katika Nchi ya Zilizala

Mtu ashukaye kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay hupita juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambako milima huteremka kwa ghafla hadi Ziwa Nyasa, lenye kina cha mita 700 hivi. Na miinuko hiyo, iliyowajaalia wenyeji maji ya mserereko yasiyohitaji mashine, ni kazi ya ufa ule ule uwatikisao. Machi 1989 zilizala iliua watu upande wa Salima, Malawi. Desemba 2009 ilikuwa zamu ya Karonga. Na kwetu Tanzania, Bukoba ilipigwa tarehe 10 Septemba 2016.

Ardhi itikisikapo, aghalabu bomba hukatikia kwenye kiungo. Zilizala za Kobe mwaka 1995 na Christchurch mwaka 2011 zilidhihirisha kwamba mabomba ya plastiki yapindayo, yaliyounganishwa kwa kuyeyushwa ncha zake, husalimika pale ambapo ya chuma cha kusubu na ya saruji ya asbesto hupasuka. Basi fundi mwenye hadhari huliachia bomba ulegevu liingiapo tangini, maana tangi na udongo havitikisiki kwa mwendo mmoja, na huweka vali za kufungia kila kipande, ili mpasuko mmoja usivikaushe vijiji vyote vya chini. Hayo hayana fahari. Tangi la zege huzinduliwa kwa ngoma, lakini sijapata kuona kiungo cha bomba kikikatiwa utepe.

Ama kuhusu njia ya kupitisha bomba, mwenye elimu ni mkulima. Wamatengo, ambao kwa zaidi ya karne wamelima miteremko mikali kwa ngolo, vishimo vizuiavyo udongo na maji, wanajua ni upande gani wa mlima humeguka masika. Tena wanayo sengu, baraza la jadi la kula na kushauriana, ambalo Chuo Kikuu cha Sokoine na wataalamu wa Kijapani walilihuisha katika kijiji cha Kindimba, wanakijiji wakajenga kinu cha kusagia kiendeshwacho kwa maji.

Maadamu sheria ya mwaka 2019 iliyoiunda RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, imevikabidhi vyombo vya jamii uendeshaji wa maji vijijini, nawasihi wahandisi waipeleke ramani mbele ya baraza kabla ya zabuni kutangazwa, na kila kijiji kiachiwe akiba ya mabomba, viungo vya kukaza kwa mkono, na mafundi wake waliofunzwa. Kwani barabara ya mlimani ikizibwa na maporomoko, gari la mafundi kutoka Songea halitafika siku hiyo.