Kipakatalishi cha Chuo na Kadi ya Picha

Wazazi wanaomnunulia mwana kipakatalishi cha chuo huenda wakaambiwa dukani kwamba bila kadi ya picha ya peke yake mashine haifai. Bei hupanda, na mama aliyepokea zamu yake ya mchezo hujikuta akikopa juu yake.

Twaona kwamba mara nyingi hiyo ni israfu. Prosesa nyingi za Intel na AMD za vipakatalishi zina sehemu ya kuchora picha ndani yake. Kwa kuandika insha, hesabu za duka katika Excel, darasa la Zoom au mawaidha ya YouTube, yatosha kabisa; katika mashine za miaka ya karibuni hata video ya 4K huenda bila kukwama. Tena hula umeme kidogo na haitoi joto jingi, jambo la maana Mombasa mwezi wa Machi.

Ila sehemu hiyo haina kumbukumbu yake. Huazima RAM ya mashine. Basi hapo ndipo fedha ziende: GB 8 kwa uchache, 16 ikiwezekana, pamoja na diski ya SSD. Vipande viwili vya GB 4 huipa picha kasi kuliko kimoja cha 8, nalo hilo ni nadra kutajwa dukani.

Atakayesomea usanifu majengo, au kuhariri video za harusi kwa biashara, huyo ana hoja ya kadi. Michezo mizito nayo huitaka, lakini hiyo si haja ya kumkopesha mama. Mwana na alete kwanza orodha ya programu za kozi yake, ndipo muende naye dukani.