Mwezi Ukiwa Nge

Mwezi uliopita nilikuwa Tanga kwenye arusi ya watoto wa ndugu. Mgeni mmoja, mtu wa bara, mwenye adabu zake, aliuliza kwa nini nikaha ilitolewa Jumamosi ikapelekwa Jumanne. Kijana wetu mmoja, msomi, akamjibu upesiupesi kama anayesukuma taka chini ya mkeka: "Wazee wetu wanaogopa nge." Mgeni akatazama miguuni pake. Nilinyamaza kwa heshima ya shughuli, lakini maneno yale nilirudi nayo Pangani na mpaka leo hayajanitoka.

Hakuna mtu wa pwani aliyevunja shughuli kwa ajili ya mdudu. Nge anayesemwa ni Akrabu, burji ya nane katika zile kumi na mbili ambazo babu yangu alitukaririsha barazani kabla hatujajua hata majina ya miezi ya Kizungu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu. Tulizisema kwa mdundo, tukipiga magoti kwa viganja, na kila tukitaja moja yeye akijibu tabia yake: moto, udongo, upepo, maji, moto, udongo, upepo, maji, na mara ya tatu vilevile, mpaka Hutu anaishia majini. Mwezi huzipitia zote kwa siku 27 na saa zisizotimia nane, kwa hiyo katika kila burji hulala siku mbili na ushei. Siku anazolala Akrabu ndizo siku za nge. Mtu alisema "mwezi umeingia nge" na kila aliyesikia alielewa: safari isianzwe, msingi usichimbwe, nikaha isifungwe, chombo kisishushwe majini.

Kwa nini Akrabu, si Saratani, ambaye naye ni mnyama mwenye makucha? Hapa ndipo wageni wanapopotea, na siku hizi hata wetu. Babu alifundisha kwamba sayari ni mtu na burji ni nyumba. Husomi mtu peke yake, wala husomi nyumba peke yake. Unasoma mtu huyu alipoingia nyumba ile amepokewaje. Mwezi ni baridi na maji. Ni mama, tumbo la uzazi, msafiri, umati wa watu sokoni. Akrabu ni nyumba ya Mirihi, na Mirihi ni moto, chuma na damu. Sasa mchukue mama mjamzito aliye safarini, umpeleke akalale kwa askari mwenye hasira. Hatauawa, lakini hatalala. Falaki husema kwamba Mwezi hushuka daraja akiwa Akrabu, na hupata sharafu yake akiwa Thauri, burji inayoikabili Akrabu upande wa pili wa duara, ambayo ni nyumba ya Zuhura, penye udongo wenye rutuba na mwenyeji mkarimu. Mtu yuleyule, nyumba mbili. Aliyefahamu hilo amekwisha kufahamu nusu ya elimu nzima, maana Zuhali, Mshtarii na Utaridi husomwa kwa kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba Mshtarii hukaa karibu mwaka mzima katika nyumba moja na Zuhali miaka miwili na nusu, na mwenye arusi hawezi kusubiri kiasi hicho. Ndiyo maana pwani tulishikamana na Mwezi. Ndiye anayetembea kwa mwendo wa binadamu.

Lilikuwapo na jambo la mwili. Kila burji ina kiungo chake, kuanzia Hamali kichwani mpaka Hutu nyayoni, na chuma hakigusi kiungo ambacho Mwezi yumo katika burji yake. Akrabu ni sehemu za siri. Basi ngariba aliyejiheshimu hakumtia mtoto jando siku za nge. Mtu anaweza kuikataa sababu hiyo, lakini haki ni kwamba aisikie kwanza.

Sasa hesabu, nayo nitaieleza yote, kwa kuwa naona inakufa. Chukua siku za mwezi mwandamo zilizokwisha kuingia. Zidisha mara mbili. Ongeza tano. Kisha gawa tano tano kwa kila burji, ukianzia burji aliyomo Jua. Inapoishia hesabu ndipo alipo Mwezi. Ijaribu mwenyewe kwa mwezi mpevu: siku ya 15, mara mbili 30, ongeza tano 35, gawa kwa tano unapata saba. Burji ya saba kutoka kwa Jua ni ile inayolikabili, na kweli mwezi mpevu huchomoza jua linapotua. Babu hakutumia karatasi. Alikuwa na punje za mahindi katika kifuko cha kitambaa cheusi, akizipanga mafungu mafungu juu ya mkeka, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda kidogo kwenye kiungo cha mwisho, kwa hiyo kila punje aliivuta kama anayevuta uzi.

Mwalimu mmoja wa shule ya serikali aliwahi kumwambia barazani kwamba mbingu imeteleza, kwamba burji za vitabuni hazilingani tena na nyota zenyewe. Ni kweli, duara huteleza digrii moja kwa kila miaka 72 hivi, na tangu wanajimu wa kale walipoligawa limekwisha kuteleza digrii zaidi ya 20. Babu hakuchukia. Alisema hesabu ina nge wake na mbingu ina nge wake, na mtu mwangalifu huwapisha wote wawili. Usiku ule alitutoa nje. Ilikuwa Agosti. Nge wa mbinguni alikuwa juu upande wa kusini, mkia wake umejikunja kuelekea Bweni ng'ambo ya mto, na katikati yake ile nyota nyekundu ambayo Waarabu waliiita Kalbi, moyo. Mwezi ulikuwa haujaifikia. "Hesabu imeshamtoa," alisema, "lakini mimi nangoja aupite moyo." Ndiyo sababu kwake siku za nge zilikuwa tatu. Sijapata kuona tena mtu mzima akisimama uwanjani na watoto saba, usiku, kwa ajili ya kuhakikisha.

Kuna mambo mengine yanayotiwa kapu moja na haya: ramli, hirizi, zinguo, kupunga pepo. Hayo yana wenyewe, na sina la kusema juu yake.

Kuhusu nyota ya mtu, nitasema kidogo. Kwetu haikutafutwa kwa tarehe ya kuzaliwa, ambayo wengi hawakuijua, bali kwa jina lake na la mama yake. Herufi za Kiarabu zina thamani: alifu moja, be mbili, na kuendelea. Ali ni 110. Fatuma ni 135. Jumla 245; ondoa kumi na mbili kumi na mbili, zinabaki tano, na ya tano ni Asadi. Ali wa Fatuma ni mtu wa moto na bwana wake ni Jua. Walipotaka kuoana wawili, nyota zao ziliwekwa pamoja zikatazamwa kama zinapatana. Napenda jambo moja katika hesabu hiyo: mama hakuachwa nje. Katika kila karatasi nyingine ya mji wetu tuliandikwa kwa jina la baba.

Leo watoto wetu hufungua simu asubuhi wakaambiwa "wewe ni Nge" kwa sababu walizaliwa Novemba, basi. Wapi Mwezi? Yumo nyumba ya nani? Simu haiulizi, nao hawajui kwamba kuna la kuulizwa. Hata majina yameharibika. Magazetini Hamali amekuwa Punda, naye ni mwanakondoo. Nadhani ni kwa sababu hamali kwetu ni mchukuzi wa mizigo, na aliyetafsiri aliishia hapo. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2011, aliufanya unajimu usikike mpaka bara, na wengi wa rika langu waliyajua maneno haya kupitia kwake. Lakini utabiri wa taifa ni jambo moja, na mzee wa mtaa anayejua kila ukoo ni jambo jingine, na huyu wa pili hakuna aliyemrithi.

Najua litakalosemwa, kwamba hii ni shirki. Wanazuoni wametenganisha tangu zamani falaki ya hesabu, inayotupa nyakati za sala na upande wa kibla, na unajimu wa kutoa hukumu juu ya yatakayotokea. Ile ya kwanza inakubaliwa na wote. Ya pili wengi wao wameikataza, na mimi si wa kubishana nao. Babu mwenyewe ndiye aliyetusimulia kwamba siku aliyofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule, na Mtume akawakataza kusema hivyo. Hakuona kwamba hadithi hiyo inampinga. Kila jibu lake lilimalizika kwa "Allahu aalamu", na hakulitamka kama kiitikio. Alikuwa akishusha sauti. Kinachoniumiza ni kusikia vijana wakimtaja kama mtu wa majini. Mkononi mwake hapakuwa na kitu ila punje za mahindi.

Nami nina jambo la kukiri, kwa sababu nimeisifu hesabu yake na sitaki kuficha.

Nilikuwa na miaka kama kumi na moja. Walikuja watu wa upande wa bwana arusi, na baba wa binti pamoja nao, kumwomba babu aitazame siku waliyoichagua. Jua lilikuwa Sumbula, na siku yenyewe ilikuwa ya 11 ya mwezi mwandamo. Mimi nilikuwa nikimimina kahawa. Babu akatoa punje, akazipanga. Nakumbuka mafungu matano kamili, na punje mbili pembeni. Aliyatazama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akayakusanya kwa kiganja akasema, "Siku hiyo mwezi umo nge. Ngojeni upite, kisha tuzungumze."

Hakuna aliyebisha wala aliyeaibika. Wakanywa kahawa, wakaaga. Binti yule alikuwa amekuja kwa bibi yangu usiku wa jana yake, akalia mpaka kanga ya bibi ikalowa begani. Baada ya siku tatu mjomba wake alishuka kutoka Tanga, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno. Posa ikarudishwa taratibu, vyombo vikarudi kwa wenyewe, na koo zile mbili zinasalimiana hadi leo.

Mwaka uleule babu alinifundisha kupanga punje. Nilipoweza, jambo la kwanza nililofanya ni kuihesabu siku ile. Kumi na moja mara mbili, ongeza tano, 27. Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi: mafungu matano. Mbili zimebaki, za Dalu. Mwezi alikuwa amekwisha kutoka Akrabu siku kadhaa. Sikumwuliza, mtoto hamwulizi mzee jambo kama lile.

Nimelifikiri kwa miaka mingi. Wako waliotumia mlango huohuo kula fedha za watu, nakubali, na kila mji wa pwani unawajua wa kwao. Lakini naona pia kwamba mila ile iliwapa watu kitu ambacho sasa hawana: haki ya kungoja bila kumlaumu mtu. Baba aliyesita na mama aliyeota vibaya walikuwa na neno la kusema, na neno lenyewe halikumtukana yeyote, kwa kuwa aliyechelewesha alikuwa Mwezi. Leo kamati imekwisha kukaa, michango imekusanywa, kadi zimechapwa, ukumbi umelipiwa na mpiga picha amechukua malipo ya awali. Nani atasimama aseme tungoje siku tatu? Binti akilia usiku wa kuamkia, huambiwa ukumbi haurudishi pesa. Na ile Jumamosi ya Tanga iliyogeuzwa Jumanne, ambayo kijana wetu aliionea aibu, iliwezekana kwa sababu tu mzee mmoja wa upande wa mama bado anahesabu, na nikaha ilifungwa msikitini, si ukumbini.

Binti yule aliolewa mwaka uliofuata, na mtu aliyemtaka. Jua lilikuwa Jadi. Wazazi walileta siku ya tisa ya mwezi mwandamo, na babu, badala ya kutoa punje mwenyewe, alinisukumia mimi kifuko mbele ya watu wazima. Nikahesabu 23. Fungu la Jadi, la Dalu, la Hutu, la Hamali, na punje tatu zikabaki. "Mwezi uko wapi, mke wangu?" akauliza, maana hivyo ndivyo alivyoniita. Nikasema uko Thauri. Akapitisha kile kidole chake juu ya mafungu, moja moja, akayaona ni kweli, akaniambia nikimbie kwa kina binti nikawaambie waanze kuchambua mchele.